Mlango Ambao Hata Wembe Haukupita

Naona mmeshaanza kutazamana na kucheka pembeni, kwa hiyo bora niseme mwenyewe kabla hamjaipata habari hii kwa watu wa Lukozi, maana wale wakiisimulia wanaitia chumvi hadi mimi mwenyewe nashindwa kuitambua. Ndiyo, ni mimi yule fundi aliyefungiwa ndani na mlango alioutengeneza kwa mikono yake, mbele ya mgeni rasmi, ngoma inapigwa, nimevaa fulana ya ndani yenye tundu mgongoni, na humo ndani nilikuwa na mtu mmoja tu, ambaye katika watu wote wa milima hii ya Usambara ndiye nisiyepaswa kukaa naye hata chini ya mwavuli mmoja.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipokuwa tunaitana ndugu hata na mtu aliyekuibia kuku. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Tanga, chuo cha ufundi, na cheti changu nimekikunja kwenye bahasha, na kalamu mfukoni mwa shati (kalamu yenyewe haikuwa na wino, lakini nani angejua). Kijiji chetu, hapo njiani ukitoka Lushoto kwenda Lukozi, kilikuwa kimejenga ghala la mawe la kuhifadhia mahindi, maharage na mbegu za viazi, kazi ya kujitolea ya mwaka mzima, kina mama wakibeba mawe kichwani kutoka mtoni. Kuta zilikuwa nene, paa zuri, kilichobaki ni mlango. Mlango wa mbao wa ghala la zamani panya walikuwa wameula chini na wezi wameuvunja juu, kwa hiyo mkutano ukaamua safari hii uwe wa chuma, na kwa kuwa mwenye cheti ni mmoja, kazi nikapewa mimi.

Hapo sasa mjue na jambo la pili, kwa sababu bila hilo mtanicheka bila kunihurumia. Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Athumani, namtaka binti yake, Zaina. Mshenga alikuwa ameambiwa arudi Ijumaa kuchukua jawabu, na kijiji kizima kinajua kwamba jawabu la Mzee Athumani hupikwa kwanza jikoni kwa mkewe. Mama Zaina ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na mimi nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mwalimu wangu wa kuchomelea. Isitoshe kwetu mkwe ni mkwe. Ukimwona mama mkwe anakuja njiani unaingia shambani kwa watu, unageuzia uso wako mahindi mpaka apite, na kukaa naye chumba kimoja ni jambo ambalo mtu mwenye adabu halifikirii. Mimi nilikuwa nimeshajiweka kwenye sheria hiyo tangu siku posa ilipotoka, hata kabla ya kukubaliwa, ili waone nilivyolelewa vizuri.

Basi, mlango. Bamba la chuma lilipandishwa na lori kutoka Mombo, nikalikata na kulipigia ribiti, zile pini za chuma za kuunganishia, kwenye karakana moja pale Lushoto, na fremu yake ya chuma tukaijengea ndani ya ukuta wa mawe. Siku ya kuupachika alikuja mjomba wangu, Mjomba Sefu, mhunzi wa zamani wa majembe na mashoka, mzee ambaye hajawahi kuiona chaki, akazunguka mlango mara mbili, akauliza, "Nafasi umeacha kiasi gani?"

Nikamwambia sijaacha nafasi, ndiyo sifa yenyewe, mlango mzuri unakaa kwenye fremu yake bila kuacha mwanya.

"Acha shilingi mbili," akasema. Akatoa sarafu mbili kwenye kikoi chake, akazibandika pamoja, akanionyesha unene wake. "Hivi. Pande zote. Chuma kikipata jua kinanenepa."

Sasa mimi jambo hilo nililijua. Nililijua kwa kanuni, kwa herufi na kwa kikokotoo, na kwenye mtihani swali la chuma kutanuka kwa joto ndilo lililonipa alama nyingi kuliko yote. Lakini, na hapa ndipo mnapoweza kunicheka kwa haki, kichwani mwangu niliamini jambo lile ni la mahali pengine. Joto ni la Tanga, la reli, la Mombo kule chini ambako kuku wanatembea wamefungua mdomo, la Muheza. Huku kwetu tunaota moto saa nne asubuhi. Nikamwambia Mjomba, tena kwa sauti ya kumpoza, "Mjomba, hayo ni mambo ya nchi za joto. Huku chuma kitapata wapi jua?"

Alinitazama, akarudisha shilingi zake kwenye kikoi, akaondoka. Nikadhani nimeshinda.

Nikapiga tupa siku mbili nzima. Nilifanya kazi ile alfajiri, ukungu umelala juu ya migomba, chuma baridi mpaka vidole vinaganda, nikikwangua kidogo, nafunga, nafungua, nakwangua kidogo, hadi mlango ukaingia kwenye fremu na kutoa sauti kama ya mtu anayepumua. Nikachukua wembe, nikajaribu kuupitisha pembeni. Haukupita. Nikawaita watu waje waone wembe haupiti. Walikuja wengi, wakajaribu na nyembe zao, na kwa wiki nzima pale kijijini nilikuwa naitwa Fundi Wembe. Halafu nikaupaka rangi nyeusi ya lami, inang'aa, na ghala lenyewe linatazama mashariki. Sijui kama kuna kosa lililobaki ambalo sikulifanya.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumatano. Mgeni rasmi kutoka wilayani alitarajiwa saa nne, na mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimeamka tangu saa tisa za usiku kupaka mafuta bawaba na kufuta alama za vidole. Saa mbili hivi kazi ikawa imekwisha, bado kuna ukungu, watu wako majumbani wanavaa. Nikavua shati langu jipya jeupe ili lisichafuke, nikalitundika kwenye msumari nje, kando ya mlango, nikaingia ndani na fulana yangu. Kwa nyuma kabisa magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na paa. Nikasema, acha nijinyooshe huko juu dakika tano tu. (Dakika tano. Kila nikisikia mtu anasema dakika tano nageuka kumtazama kama ana akili.)

Nilizinduka kwa sauti ya mlango ukifungwa, ile sauti yangu nzuri ya kupumua. Nikainua kichwa kidogo. Mwanga ulikuwa unaingia kwa matundu ya hewa chini ya paa, na katikati ya ghala, amesimama peke yake na kanga mpya ya sherehe, alikuwa Mama Zaina.

Akatoa karatasi kwenye kifundo cha kanga, akaikunjua, akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akaanza kusoma, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Ndu-gu mge-ni ra-smi." Mwaka ule ndio alikuwa amemaliza darasa la watu wazima, na kina mama walikuwa wamemchagua yeye asome risala yao, na risala imeandikwa na katibu wa kijiji, mtu anayependa maneno marefu. Amekuja kujifunza mahali ambapo hakuna atakayemsikia. Amefunga mlango ili asisikike. Na mimi niko juu ya magunia, juu ya kichwa chake, na fulana yangu ya tundu.

Mnaniuliza kwa nini sikukohoa. Ningekohoaje? Kwanza ni mkwe. Pili, mtu mzima anapambana na herufi kwa siri, halafu kutoka darini kinakuja kikohozi? Nikajifanya gunia. Nikalala kifudifudi, nikageuza uso ukutani, nikajiambia atasoma mara moja aondoke. Akasoma mara moja. Akarudia. Akarudia tena. Kila akifika mahali pamoja anakwama: "Si-si ki-na ma-ma tu-me-ha-ma..." Kimya. "Tu-me-ha-ma-si..." Kimya. Anarudi mwanzo wa mstari. Nje ukungu ulikuwa umeondoka, kwa maana nilianza kuona miale imenyooka kwenye matundu, na nikasikia bati la paa linaalika, tak, tak, kama linavyofanya jua likilipiga. Lile bati lilikuwa linaniambia habari yangu, lakini mimi sikuwa na masikio ya bati, nilikuwa na masikio ya lile neno tu. Mara ya sita alipokwama, kwa kweli nilimwonea huruma, na mdomo ukaniponyoka wenyewe.

"Tumehamasishwa," nikasema.

Nilijua sasa nimekwisha, na kwa kuwa mtu akishakwisha hana la kupoteza isipokuwa adabu, nikaongeza, uso bado ukutani, "Shikamoo, mama."

Halafu kutoka chini, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyelelewa kwamba shikamoo hujibiwa hata kama inatoka kaburini: "Marahaba."

Nikasikia kanga inavutwa kufunika kichwa, hatua zinaelekea mlangoni haraka, kisha mikono inasukuma. Mlango haukutoka. Ukasukumwa tena, kwa bega. Ule mlango, jamani, ulikuwa umekaa kama umezaliwa humo. Nikateremka kwa upande mwingine, mgongo kwa mgongo, natembea kinyumenyume, nikaugusa. Ulikuwa wa moto kama kikaango. Bamba jeusi, jua la uso kwa uso, na fremu iko ndani ya ukuta wa mawe uliolala baridi usiku kucha. Mlango umenenepa, fremu haijanenepa, na kati yao hata wembe haupiti. Kanuni yote ya chuo ilinirudia pale pale, herufi kwa herufi, na alama zangu nyingi.

Sasa ilikuwa lazima tuongee, na kuongea hakuruhusiwi. Mama Zaina ndiye aliyepata njia. Aligeukia rundo la magunia, mimi nikiwa nyuma yake natazama ukuta, akasema kwa sauti ya mkutano, "Magunia, muulizeni fundi wenu, mlango huu umefanya nini?"

Nikajibu, nami nikiwaambia magunia, "Mwambieni mama umetanuka kwa jua. Utafunguka ukipoa."

"Muulizeni utapoa saa ngapi."

"Mwambieni jioni."

"Magunia," akasema, "mimi nilisikia mlango huu hata wembe haupiti. Muulizeni fundi kama mtu anapita."

Na ndipo tukasikia ngoma, na vigelegele, na gari limesimama. Mgeni rasmi amefika, na nasikia vizuri kabisa sauti ya mwenyekiti wa kijiji akimweleza kuhusu mlango, kwamba umetengenezwa na kijana wetu mwenyewe, msomi, kwamba ni mfano wa kujitegemea. Utepe ukakatwa. Makofi. Mgeni akashika mpini, akauachia haraka (nilimsikia akivuta hewa kwa meno), akafunga leso mkononi, akavuta. Akavuta tena. Makofi yakapungua yenyewe. Mwenyekiti akavuta, vijana wawili wakavuta, mtu akauliza ufunguo uko wapi na mwingine akasema mlango hauna kufuli. Kisha mgeni akauliza, kwa upole wa mtu wa ofisini, "Na shati hili hapa msumarini ni la nani?"

"La mpwa wangu," nikamsikia Mjomba Sefu. "Mwenye mlango."

"Basi kama yuko ndani, afungue," akasema mgeni.

"Mama Zaina naye yuko wapi?" akauliza mtu. "Risala yake ndiyo ya kwanza."

Mama Zaina alivuta pumzi. Angeweza kunyamaza, watu wasijue mpaka jioni, na mimi nilikuwa naomba moyoni anyamaze. Hakunyamaza. "Niko hapa," akasema, kwa sauti iliyopita ukuta wa mawe. "Ndani. Na fundi. Mlango wake umetufunga."

Nilimsikia Mzee Athumani akikohoa mara tatu. Nikaona posa yangu inateremka bonde lote hadi Mombo na kupanda basi. Mtu akaleta nyundo kubwa, mwingine mtaimbo, wakaanza kuugonga, na kila pigo linaniingia kwenye meno, na mlango unazidi kukaa, mpaka Mjomba Sefu akasema, bila kupandisha sauti, "Acheni kuupiga. Hauna kosa, una joto."

Akasogea, akaweka kiganja chake kwenye bamba, akakitoa, akacheka peke yake. Halafu akamgeukia mgeni na kumfundisha mbele ya watu wote, na mimi nikisikia kila neno kutoka ndani: "Ndugu mgeni, mimi pete ya mpini wa shoka naivisha ikiwa ya moto. Ikipoa, inakaza, huitoi. Mpwa wangu kafanya kinyume. Mlango kauvisha ukiwa wa baridi, umepata moto, ndio umekaza. Nilimwambia aache shilingi mbili, akaniambia jua ni la Mombo." Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza siku ile nilichokishukuru, maana watu wanaocheka hawajashika mawe. "Kina mama, leteni maji ya mtaro, ya baridi. Na magunia matupu."

Wakaloweka magunia, wakayatundika juu ya bamba, wakamwaga ndoo juu ya ndoo, mvuke unafuka, nasikia chuma kinalia kidogo kidogo, ti, ti, ti. Mimi, kwa ufundi ulionibakia, nikaona angalau nisukume, nikaegemeza bega, nikasukuma kwa uzito wangu wote na kwa aibu yangu yote, na sikujua kwamba Mjomba kule nje alikuwa anawahesabia vijana wavute kwa pamoja. Mlango ukasema tak. Ukaachia mara moja. Nikatoka nao, nikapita utepe uliokatwa, nikaanguka kifudifudi kwenye tope la maji ya mtaro, mbele ya viatu vya mgeni rasmi, tundu la fulana likitazama mbingu.

"Onga mshi," akanisalimia Mjomba Sefu kwa Kisambaa, kama mtu aliyekutana nami sokoni.

Mgeni aliniinua kwa mkono, akasema mlango umejaribiwa vya kutosha. Nyuma yangu akatoka Mama Zaina, kanga imefunika kichwa, hana haraka, akapita pembeni yangu bila kugeuka, akasimama mahali pa msemaji, akakunjua karatasi. Nilitamani ardhi inimeze lakini nilibaki pale na tope langu, kwa sababu nilijua mstari ule unakuja. "Sisi kina mama," akasoma, "tumehamasishwa," na lilitoka lote kwa pumzi moja, safi, akaendelea hadi mwisho bila kukwama popote, na waliopiga vigelegele hawakujua wanapigia nini. Mimi nilijua. Nikiwa na tope mpaka masikioni, nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Lakini furaha peke yake haioi mke. Siku mbili zile sikula, na Alhamisi yote vijana walikuwa wanapita kwetu na kuuliza kama nimo ndani au wanifungulie. Wazee walikaa kikao. Kijana amekaa ghalani na mama mkwe, mlango umefungwa, amevaa fulana. Ijumaa baada ya swala mshenga wangu alikwenda kwa Mzee Athumani, na mimi nilibaki nyuma ya nyumba napasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Aliporudi alikuwa amekaza uso makusudi (mshenga yule alikuwa mtu mbaya), akakaa, akaomba maji, akanywa, ndipo akasema, "Wazee waliuliza kijana alikaaje humo ndani. Mama Zaina amejibu kwamba magunia yametoa ushahidi. Kijana alitazama ukuta tangu mwanzo hadi mwisho."

"Na posa?"

"Utatoa mbuzi mmoja wa kuondoa aibu. Posa imekubaliwa. Ila Mama Zaina amesema milango ya nyumba atakayolala binti yake, aipime Mjomba Sefu."

Nikakwangua mlango wa ghala tena, unene wa shilingi mbili pande zote, na ukungu ukawa unaingia ndani unavyotaka, na jina la Fundi Wembe halijafa hadi leo. Tangu siku ile sijapachika chuma kwenye chuma bila kuacha nafasi, hata kama mwenye nyumba analalamika upepo, na mwenye nyumba anayelalamika zaidi ni Zaina mwenyewe, kila mwezi wa saba, akiwa amejifunika mablanketi mawili.

Mama mkwe ni mzee sasa. Akija kututembelea mimi hutoka kwa mlango wa nyuma, kama inavyotakiwa, nikasimama kwenye migomba mpaka aingie. Na kila safari, kabla hajaingia, namwona kutoka kule anafungua kifundo cha kanga, anatoa shilingi mbili, anazipitisha kwenye mwanya wa mlango wangu juu mpaka chini, anazirudisha, ndipo anapiga hodi.